Mpasho Usio na Jina: Ukali si Kosa, Kificho si Heshima

Katika harusi nyingi za Pugu, kama ilivyo Temeke na Kinondoni, hufika saa ambapo wimbo wa taarabu hugeuka silaha. Mwanamke huinuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji, lakini macho na kidole chake vimeelekea kwa jirani aliyekaa pembeni. Jina halikutajwa, na ukumbi mzima umeelewa. Kesho akiulizwa, atajibu: "Mimi nimetunza wimbo tu. Aliyeguswa anajijua."

Jibu hilo ndilo tunalotaka kulipima. Wako wanaoilaumu mipasho kwa sababu ni mikali mno, na wako wanaoitetea kwa sababu haimtaji mtu. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zimetazama pasipo penyewe.

Kwanza, ukali wa maneno peke yake si haramu. Mtume (s.a.w.) alimruhusu Hassan bin Thabit kuwajibu kwa mashairi makali Makureshi waliokuwa wakimkashifu. Lakini, kama alivyopokea Imamu Muslim, alimtaka kwanza aende kwa Abubakar (r.a.), mjuzi wa nasaba za Makureshi, kwa kuwa nasaba ya Mtume mwenyewe imo humo humo. Mshale uliruhusiwa kwa sharti usimpate asiyehusika.

Vilevile Hind binti Utba alimwendea Mtume (s.a.w.), akamtaja mumewe Abu Sufyan kwa jina na kusema wazi kuwa ni bakhili asiyewatosheleza yeye na watoto wake. Hakukemewa. Aliruhusiwa kuchukua katika mali ya mumewe kiasi kinachowatosha kwa wema. Imamu Nawawi ameitaja hadithi hii alipoeleza sababu sita zinazohalalisha kumsema mtu asipokuwepo, na ya kwanza kati yake ni aliyedhulumiwa kumshitakia mwenye uwezo wa kuiondoa dhulma.

Pili, kificho si kinga. Mshairi al-Hutay'a alipomkashifu az-Zibriqan bin Badr, maneno yake kwa nje yalikuwa na sura ya kumtakia raha. Inasimuliwa kuwa Sayyidna Umar (r.a.) hakuyahesabu kuwa kashfa mpaka alipomuuliza Hassan, naye akathibitisha kuwa ni kashfa nzito. Mshairi akatiwa kifungoni. Imamu Ghazali naye katika Ihya amebainisha kuwa kusengenya kwa ishara, kwa kukonyeza au kwa fumbo linaloeleweka ni sawa na kusengenya kwa maneno ya wazi. Kinachozingatiwa ni kufahamika kwa anayesemwa.

Huenda msomaji akauliza: Je, Mtume (s.a.w.) hakuwa akisema "wana nini watu wanaofanya kadha" bila ya kutaja majina? Naam. Lakini kificho kile kilimsitiri mkosaji na kulikemea kosa. Mpasho hufanya kinyume: humsitiri msemaji, na anayesemwa humwacha uchi mbele za watu.

Tofauti hii inaonekana hata katika historia ya taarabu yenyewe. Tukiacha kando mjadala wa wanazuoni juu ya hukumu ya muziki, Siti binti Saad wa Zanzibar, aliyerekodiwa Bombay mwaka 1928 na kufariki mwaka 1950, aliimba kisa cha mauaji na kumtaja mtuhumiwa, Kijiti, kwa jina. Hata hasira ya hakimu kwa mashahidi aliieleza. Ulikuwa wimbo mkali, lakini ulikuwa na mshitakiwa, kosa na aliyedhulumiwa. Miaka ya 1990 jijini Dar es Salaam, ushindani wa TOT na Muungano, na wa Khadija Kopa na Nasma Khamis, ulijaza kumbi kwa vijembe. Ufundi wa lugha ulikuwepo, na hilo hatulikanushi. Wala hatusahau kwamba wengi wa waliokwenda kutunza walikuwa wanawake wasiokuwa na pengine pa kusemea. Lakini watazamaji walizoeshwa tuhuma isiyo na kosa linalotajwa wala mtu wa kuijibu.

Kumpasha mtu, kwa Kiswahili chetu, ni kumpa habari. Mpasho hauna habari. Anayerushiwa akinyamaza ameumia, akijibu, huambiwa, "Kumbe ni wewe!" Na mwenye dai la kweli naye hatoki na kitu. Deni, matunzo ya watoto na haki ya mke havijapata kulipwa kwa wimbo.

Kwa hiyo dada yetu wa Pugu aliyeinuka na noti hatumwambii apunguze ukali. Tunamwambia aongeze uwazi: amwendee jirani yake mlangoni, au awapelekee wazee na masheikh wa mtaa dai lake, kwa jina na kwa ushahidi, kama alivyofanya Hind. Nao wazee wampokee na kumsikiliza, kwani asiyesikilizwa barazani atakwenda kusemea ukumbini. Na khatibu anayemlenga muumini mmoja kwa kijembe juu ya mimbari ajue kuwa hukumu yake na ya mwenye noti ni moja.

Wabillahi Tawfiq.