"Turhibuna" si ugaidi

Lipo kosa moja wanaloshirikiana watu wawili wasiopatana: anayeutuhumu Uislamu, na kijana wetu mwenye hamasa. Wote wawili huifungua Suratul Anfal, aya ya 60, wakalikuta neno turhibuna, kisha wakalifasiri kwa "irhabu" ya magazeti ya leo, yaani ugaidi. Wa kwanza husema, "Mmeona?" Wa pili husema, "Basi tusione haya."

Neno hili asili yake ni rahiba, kuogopa. Katika Al-Baqara, aya ya 40, Wana wa Israili wanaamrishwa kumuogopa Mwenyezi Mungu peke Yake, na kitenzi ni cha asili hiyo hiyo. Rahib, yule mtawa wa Kinasara, naye jina lake limetoka humo. Je, tumwite gaidi?

Ama aya ya Anfal, inaamrisha kuandaa nguvu na farasi ili adui aingiwe na hofu, asithubutu kushambulia. Hofu hiyo inaletwa na maandalizi, si kwa kuua raia sokoni. Na aya ya 61 inaamrisha kuielekea amani pindi wao wakiielekea. Ajabu ni kuwa wasomaji wetu hawa huwa wameshaufunga Msahafu kabla hawajaifikia.

Kuwatisha wasio na hatia kuna mlango wake katika fiqhi, nao ni hiraba, kwa msingi wa Al-Maida, aya ya 33. Imam Abu Hanifa ameihusisha na njia zilizo nje ya mji. Imam Malik haoni tofauti baina ya mji na nyika. Hata mwenye kuitisha njia tu, bila ya kuua wala kupora, ameingizwa humo. Na katika Kiswahili gaidi alikuwa mnyang'anyi wa nguvu kabla siasa haijalichukua neno. Kwa hiyo gaidi anafaa kumfasiri muhaarib, mtenda hiraba. Kumpa turhibuna ni kumpa mhalifu aya isiyo yake.

Tena Abu Daud amepokea kuwa Masahaba walikuwa safarini na Mtume (S.A.W.), mmoja wao akalala, mwenzake akaiendea kamba yake akaichukua, naye akashtuka. Mtume (S.A.W.) akabainisha kuwa si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu. Kwa kamba tu! Kitenzi kilichotumika hapo si cha asili ya rahiba, bali ni rawwa'a, na mwanafunzi anayetaka kulifuatilia suala la kutisha watu na aanzie hapo.