Emma Bovary na Ramani ya Paris

Wasomaji wengi wa *Madame Bovary* hufika katikati wakatamani kukitupa kitabu. Huyu Emma anachosha, jamani! Mume anampenda, nyumba anayo, mtoto anaye, na bado analia. Kitabu hiki kilimfikisha Gustave Flaubert mahakamani Paris mwaka 1857, akidaiwa kuchafua maadili na dini. Akaachiwa. Sisi wasomaji tunaendeleza kesi ile ile, ila sasa mshtakiwa ni Emma.

Makosa anayo, tena makubwa. Anamsukuma binti yake Berthe kwa kiwiko, mtoto anaanguka na kuchanika shavu. Anakopa kwa Lheureux, muuza vitambaa, anasaini hati za deni moja baada ya nyingine, hadi vitu vya nyumbani vinaandikwa vipigwe mnada. Hapo sina utetezi.

Lakini kuna mahali pamoja ambapo hapaniachi. Baada ya kualikwa kwenye dansi ya matajiri, Emma ananunua ramani ya Paris na kuutembea mji huo kwa ncha ya kidole. Paris yenyewe hajawahi kufika. Ebu tuulizane, ndugu zangu: nani kati yetu hajatembea hivyo? Kuna anayejua baridi ya mji fulani wa Canada kuliko anavyolijua jina la jirani wa mlango wa pili. Paa linavuja, halizibwi. Mtoto haandikishwi shule. Ukiuliza, unajibiwa, "Si tunaondoka?" Na kesi yenyewe ina miaka tisa, simu haijaita.

Hatufanani naye kwa yote. Emma hakufukuzwa kwao na mtu; sisi tulikimbia vita, na kungoja huku hatukukuchagua. Kwa hiyo simwambii mtu aache kutumaini. Ninachokiona ni kwamba Flaubert amepiga hesabu ya kuishi kana kwamba hapa ulipo si mahali, na deni hilo halilipwi na mwenye ndoto peke yake. Emma anakula sumu ya aseniki na kufa. Baadaye Charles naye anafariki. Berthe anaishia kwa shangazi maskini, anayempeleka kiwanda cha pamba akatafute riziki.

Basi mkasirikie Emma, ni haki yako. Ila ukishafunga kitabu, tazama pembeni yako: Berthe wako yuko wapi saa hii?