Shujaa Anapopambana na Nafsi Yake

Tukimaliza kutazama filamu ya shujaa, aghalabu tunawasifu mafundi wa milipuko na wale wanaowarusha watu angani. Wanastahili. Lakini upo ufundi mkongwe kuliko huo, usiohitaji mashine: ule wa mwigizaji kuugeuza mwili wake ukawa wa mtu mwingine mbele ya macho yetu. Sijaona filamu ya shujaa iliyouonyesha wazi zaidi ya Superman III ya mwaka 1983, iliyoongozwa na Richard Lester. Aliyeifanya kazi hiyo ni Christopher Reeve, aliyemwigiza Superman.

Katika kisa hicho, tajiri Ross Webster anataka kumwondoa Superman. Anamtumia Gus Gorman, bingwa wa kompyuta anayeigizwa na Richard Pryor, atengeneze kryptonite, jiwe linalomwangamiza shujaa huyo. Kompyuta inataja viungo vyote vya jiwe isipokuwa kimoja kisichojulikana. Gus anatupia jicho pakiti ya sigara, kisha anajaza pengo kwa lami ya tumbaku. Jiwe hilo halimuui Superman, linamharibu tabia. Anaambiwa kuna ajali na watu wanahitaji kuokolewa, naye anakawia kwa sababu yuko na mwanamke. Anaunyoosha mnara wa Pisa ulioinama. Anauzima mwenge wa Olimpiki kwa pumzi moja. Anaitoboa meli ya mafuta katikati ya bahari.

Mafundi wa mavazi walifanya sehemu yao: buluu imefifia, nyekundu imekolea giza, na ndevu zimeanza kuota kidevuni. Lakini mtazame Reeve ameketi baa. Mbele yake kuna pombe na karanga. Anaichukua karanga moja, anaifyatua kwa kidole, na chupa rafuni inapasuka. Anachukua nyingine. Hapigi kelele wala hakunji uso. Kidole kinafanya kazi kivivu, macho yamelegea, mabega yaliyokuwa yamebeba dunia sasa yameinamia kaunta. Nguvu ni zilezile alizokuwa akiokolea watu, ila hazina tena pa kwenda. Mwigizaji mwingine angetuchorea uovu kwa vicheko na makucha. Reeve alituonyesha uchovu wa mtu aliyeacha kujali, na huo unatisha zaidi kwa sababu kila mmoja wetu anaujua.

Uwezo huo aliusomea. Alipitia shule ya sanaa ya Juilliard, New York, na katika filamu ya kwanza ya Superman ya mwaka 1978 alikuwa tayari ameonyesha alichonacho. Akiwa nyumbani kwa mwandishi mwenzake Lois Lane kama Clark Kent, sura ya kawaida anayojifichia Superman, anafikia uamuzi wa kumfunulia siri yake. Anavua miwani, uti wa mgongo unanyooka, kifua kinapanuka, sauti inashuka. Chumba kizima kinaonekana kuwa kidogo. Kisha anaghairi, miwani inarudi, na mwili unasinyaa mbele yetu. Hakuna ujanja wa kamera hapo. Ni pumzi na misuli tu.

Kwa hiyo, katika Superman III, Superman mwovu anapotua kwenye yadi ya vyuma chakavu, akapiga ukelele wa uchungu na Clark Kent akachomoka mwilini mwake akiwa na suti, tai na miwani, Reeve anakabidhiwa mtihani wa mwisho: ajipige mwenyewe. Zama hizo hapakuwa na kompyuta ya kumnakili mtu kama tunavyoona leo. Mwigizaji anacheza upande mmoja, anabadili nguo, anacheza upande wa pili, na mwigizaji mbadala anashika nafasi inapobidi. Anampiga mtu asiyekuwapo, na baadaye anapokea ngumi aliyoirusha mwenyewe.

Na tazama nani amepewa upande wa wema. Si mwenye joho. Ni Clark, mwandishi wa habari tuliyezoea kumwona akijikwaa, ambaye tulidhani ni kinyago tu cha kumfichia Superman. Anatupwa huku na kule, anaingizwa kwenye mashine ya kukandamiza magari, na bado anatoka. Reeve hamfanyi awe Superman aliyevaa miwani. Anamwacha awe Clark yuleyule, mwenye woga wake, ila safari hii hakimbii. Anamkaba mwenzake koo mpaka anayeyuka na kutoweka, kisha anafungua shati, na nembo inang'aa kwa rangi zake safi.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Filamu nyingi za mashujaa zimeligusa wazo hilo tangu wakati huo, zikamvisha shujaa vazi jeusi tukaelewa kwamba ameharibika. Superman III ina udhaifu wake. Vichekesho vimeimeza mahali pengi. Lakini katika dakika hizo chache vazi halikuachiwa kazi ya mwigizaji. Izime sauti, mtazame Reeve kwa nyuma, na bado utajua ni yupi kati ya wawili hao. Kijana anayeingia jukwaani leo, asiye na mavazi wala mitambo, anayo tayari mali yote aliyoitumia Reeve: pumzi, uti wa mgongo, macho na mikono. Kilichobaki ni kuifanyia kazi kwa bidii ileile.