Amana ya Mhariri: Uangalifu na Uzembe katika Kuhariri Tungo za Kale

Mhakiki anapozungumzia utungo wa kale, aghalabu humsifu au humlaumu mshairi peke yake. Ni nadra kuwakumbuka wale waliosimama kati ya mshairi na msomaji: mnakili aliyeutia utungo katika karatasi, na mhariri aliyeutoa katika hati za Kiarabu akautia katika hati za Kirumi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uzembe wa hao wawili humgharimu mtu asiyeweza tena kujitetea.

Tumtazame Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyetunga katika zama ambazo Wamazrui walikuwa wakishindana na Seyyid Said wa Oman. Muyaka hakuchapisha diwani. Tungo zake zilihifadhiwa vifuani mwa watu, hatimaye zikakusanywa na kunakiliwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, na ambaye alishirikiana na mmisionari W. E. Taylor. William Hichens alizichapisha mwaka 1940, na mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akatoa kitabu kilichozieleza pamoja na historia yake. Kila ubeti tuusomao leo, basi, umepita mikono mingi.

Yafaa ifahamike jinsi njia hiyo ilivyo na hatari. Hati za Kiarabu, zisipoongezewa alama, hazina herufi ya p, wala hazitofautishi e na i, au o na u. Aidha, wanakili wengi waliandika mb kwa herufi ya b tu. Kwa hiyo neno moja lililoandikwa laweza kusomwa bata, pata au mbata. Mhariri hana budi kuchagua, na kuchagua huko ndiko kuhakiki.

Makosa ya uhariri yaweza kugawanywa katika mafungu matatu. La kwanza ni la mizani. Shairi la kawaida lina mizani 16 katika kila mshororo, 8 kwa kila kipande. Mhariri akigeuza mwanangu kuwa mwana wangu, au wendao kuwa wanaokwenda, kipande huzidi na sikio hushtuka papo hapo. La pili ni la vina. Tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili Sanifu, wako wahariri walioona vema kusanifisha tungo za Kimvita. Lakini mato yakifanywa macho, na nti ikifanywa nchi, mizani hubaki salama ilhali kina huvunjika. Msomaji asiyejua hudhani mshairi ndiye aliyeshindwa.

Fungu la tatu ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa halijitangazi. Bata, pata na mbata yana mizani sawa na kina sawa; mhariri akikosea hapo, hakuna bawabu wa arudhi atakayemzuia. Vivyo hivyo, Kimvita hutofautisha paa la nyumba na paa mnyama kwa mpumuo, na hati zetu za leo hazionyeshi mpumuo huo. Hapa kinga ni moja tu: uangalifu wa mtu anayeuliza wenyeji wa lahaja, anayelinganisha nakala kwa nakala, na anayekiri shaka yake katika tanbihi.

Yuko atakayesema kwamba mwanafunzi hapaswi kutatizwa na lahaja wala tanbihi, na kwamba matini nyepesi ni bora kuliko matini isiyosomwa. Hoja hii ina uzito, maana vitabu huandikwa visomwe. Hata hivyo, wepesi ungeweza kupatikana kwa faharasa ya maneno magumu bila ya kugusa ubeti wenyewe. Anayeufuta ugumu bila kusema kwamba ameufuta hakumsaidia mwanafunzi; amempa maneno yake mwenyewe akayaita ya Muyaka. Na kosa hilo halikomei hapo. Mtunga kamusi hulichukua neno lisilokuwapo, mhakiki hulijengea nadharia, na mwalimu hulisahihishia mitihani.

Kinyume cha uzembe huo kimo katika kazi ya Sikujua mwenyewe. Hakuridhika na hati kama alivyozikuta. Alitumia herufi zilizoongezewa alama ili sauti za Kimvita zisipotee. Taylor naye, katika hati za Kirumi, alijitahidi kuonyesha mipumuo ambayo wengi baada yake waliiacha. Kazi hiyo ilikuwa ya kuchosha, na msomaji wa kawaida hakuiona. Lakini kwa sababu yake, mtafiti wa leo anayo matini ya kurejea anapotilia shaka neno lililochapishwa.

Idara zetu zingali na miswada inayongoja kuhaririwa, na wazee waliosalia na lahaja zao ni wachache. Ingefaa tahariri yoyote ya utungo wa kale isikubaliwe mpaka iwe imetaja nakala iliyotumika, imeonyesha kila badiliko, na imeacha wazi pale ambapo mhariri hakuwa na hakika.