Janis Joplin: Mrithi au Mwigaji?

Waswahili husema: mcheza kwao hutunzwa. Janis Joplin, aliyezaliwa Port Arthur, Texas, tarehe 19 Januari 1943, hakuyaona matunzo hayo. Wanafunzi wenziwe walimdhihaki. Akatunzwa ugenini, California, hasa baada ya tamasha la Monterey la Juni 1967. Alifariki Los Angeles tarehe 4 Oktoba 1970 kwa sababu ya heroini, akiwa na umri wa miaka 27.

Wengi wamwandikao huyakuza mauti hayo hata sanaa yenyewe ikafunikwa. Swali lipasalo kuulizwa ni jingine: je, mwimbaji huyu alikuwa mrithi au mwigaji tu? Maana bluzi ni fani iliyozaliwa na kulelewa na Wamarekani weusi, naye Joplin alikuwa mzungu. “Ball and Chain”, wimbo uliomvumisha Monterey, ulitungwa na Big Mama Thornton. Na “Piece of My Heart” uliimbwa kwanza na Erma Franklin. Nyimbo zote mbili zimo katika santuri ya Cheap Thrills, iliyoongoza mauzo Marekani mwaka 1968. Kwa hiyo lawama ya kuvuna shamba lililolimwa na wengine si nyepesi.

Hata hivyo, tusikilize kabla ya kuhukumu. Thornton huimba kwa uzito na utulivu, kama mtu aliyekwisha kuizoea huzuni yake. Joplin hulivunja neno, hulirudia, hulipandisha kutoka mnong’ono hadi ukelele. Huko si kunakili, ni kujibu. Kasoro yake ni kwamba mara nyingine ukelele huyameza maneno. Lakini katika santuri ya Pearl, iliyotoka mwaka 1971 baada ya kifo chake, amekwisha kujifunza kiasi: “Mercedes Benz”, kejeli juu ya tamaa ya mali, aliiimba pasipo ala yoyote, na kila neno lasikika.

Tena hakulikana deni lake. Bessie Smith, malkia wa bluzi, alizikwa mwaka 1937 katika kaburi lisilo na jiwe. Mnamo Agosti 1970 Joplin alichangia gharama ya kuliwekea jiwe.

Basi mwalimu atakayemfundisha Joplin na aanze na Thornton na Smith. Mwanafunzi akiyajua masikio yaliyomlea mwimbaji, ndipo atakapoweza kuipima sauti yake kwa haki.