Kibali, Idhini na Ridhaa Katika Istilahi za Utafiti

Katika tafsiri za hojaji na fomu za utafiti wa sayansi ya jamii, maneno kibali, idhini na ridhaa hutumiwa kana kwamba ni visawe. Sisi hatuyaoni hivyo, na tunadhani kuyachanganya kunampokonya mhojiwa haki yake.

Kibali hutoka ofisini. Nchini Tanzania mtafiti hukipata kwa Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka juu ya mwingine, kama mwalimu mkuu kwa wanafunzi wake. Ridhaa haina ofisi. Hutoka katika nafsi ya mtu kwa jambo linalomhusu mwenyewe. Panapohusika ndoa hakuna msemaji wa Kiswahili anayekosea: mzazi hutoa idhini, bali ridhaa ni ya waoanao. Hata mchezaji wa ridhaa huitwa hivyo kwa kuwa hucheza kwa kupenda, bila ujira.

Mwaka 2018 taasisi ya Twaweza ilitangaza maoni ya wananchi juu ya siasa, yaliyokusanywa kwa simu. Tume hiyo iliitaka ijieleze kuhusu kibali, na mjadala mkali ukazuka. Kibali kina nafasi yake katika sheria. Lakini huzungumza na serikali tu. Mkulima aliyepigiwa simu na kuulizwa anamuunga mkono kiongozi gani hakimhusu. Tena fomu inayomweleza kuwa “kibali kimekwisha kutolewa” yaweza kumfanya adhani ameamriwa kujibu.

Wapo pia watafsiri waandikao “ridhaa iliyoarifiwa”. Anayearifiwa ni mtu, ridhaa itaarifiwaje? Ripoti ya Belmont, iliyotolewa Marekani mwaka 1979, ilidai mambo matatu katika ridhaa: mtu apewe taarifa, azielewe, na akubali kwa hiari. Istilahi hiyo inabeba la kwanza tu, tena kwa kuchechemea.

Tunapendekeza “ridhaa baada ya maelezo”. Ni ndefu, na wapenda istilahi za neno moja watanung’unika. Na walete lililo bora. Kwa sasa, sahihi ya mtendaji wa kijiji iwekwe chini ya neno idhini, na ya mhojiwa chini ya neno ridhaa, kila moja katika ukurasa wake.