Istiara ya Mbali katika Mashairi ya Mahaba

Katika sanaa zote za mtunzi wa mahaba, niihishimuyo kuliko nyingine ni ile ya kutwaa kitu kilicho mbali kabisa na mapenzi, chombo cha fundi au kanuni ya hesabu, na kukisemesha habari za moyo hata msikilizaji akiri kwamba nasaba ya mambo hayo mawili ilikuwapo tangu awali, ila alikosekana shahidi wa kuibainisha. Mwezi, waridi na lulu ni mali ya urithi. Aghalabu mwenye kuzitaja huwa amesema kweli, lakini hakuongeza neno.

Bingwa wa sanaa hii huko Uingereza alikuwa John Donne, aliyezaliwa mwaka 1572 na kufariki 1631, mwanafunzi wa sheria aliyekuja kuwa mkuu wa kanisa la Mtakatifu Paulo, London. Katika shairi lake la kumuaga mpenzi, lililopigwa chapa mwaka 1633, roho mbili za wapendanao ni miguu miwili ya bikari. Seremala wa kwetu Naipingo, wilayani Nachingwea, achoraye duara juu ya ubao wa mninga ataitambua maana bila ya mkalimani: mguu wa kati umekita, nao waonekana kama usiokwenda popote, kumbe huzunguka papo hapo kila mwenziwe azungukapo, huinama kumwelekea kadiri anavyotanuka, na husimama wima pamoja naye anaporejea, nao ukiteleza japo kidogo, duara haifungi pale ilipoanzia. Hapana kiungo cha chombo kile kilichoachwa bila ya kazi katika mahaba, na huo ndio ustadi.

Samuel Johnson, mhakiki wa karne ya 18, aliwalaumu watunzi wa namna hii kwa kufunga pamoja kwa nguvu mambo yasiyohusiana. Lawama hiyo ni haki kwa mtunzi atafutaye kustaajabisha tu. Lakini kwa mtunzi wa kweli, umbali ni madai, na beti zinazofuatia katika shairi lake ni ushahidi wake. Mshairi Mwingereza Andrew Marvell alipoyalinganisha mapenzi yasiyo kasoro na mistari miwili iliyo sambamba, isiyokutana hata ikinyoshwa milele, alisema jambo ambalo Nachingwea ililiona kwa chuma: reli ya mradi wa Waingereza wa kulima karanga, ulioanza mwaka 1947, ilifika huku kutoka pwani, kisha ikang'olewa, na aliyetembea juu ya mataruma yake alikwisha kuona jinsi ukaribu na utengano vinavyoweza kufuatana safari nzima.

Wala sanaa hii si ngeni kwetu. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa hodari wa fumbo, na kila mtoto aitikiaye "tega" hufundishwa kuunganisha vya mbali. Tofauti ni kwamba kitendawili humwachia msikilizaji kazi ya kuunganisha, na istiara ya mbali huifanya kazi hiyo mbele ya macho yetu.

Basi mtunzi wa Naipingo hana haja ya kuazima bikari ya Donne. Na alitazame bibo msimu wa korosho: tunda limejaa maji, na mbegu yake, badala ya kufichwa ndani, imening'inia nje mbele ya kila apitaye, ganda lake lina mafuta yachomayo mikono ya mwenye pupa, wala utamu wake haupatikani ila kwa moto na subira. Tena mbegu ile ndiyo itanguliayo kukua, na bibo huvimba baadaye. Ajuaye hayo aweza kumwambia ampendaye, kwa hoja wala si kwa sifa tupu, kwamba moyo wake ulikuwapo kabla ya utamu wa maneno yake, na kwamba kuwa kwake wazi si dalili ya urahisi.

Kwa hiyo, kadiri taswira inavyotoka mbali, ndivyo inavyomdai mtunzi maarifa zaidi ya kitu chenyewe. Na mpenzi asifiwaye kwa jambo lililochunguzwa hivyo hupata hishima kubwa kuliko aitwaye mwezi na mtu asiyepata kuutazama mwezi.